Kiingilio cha Nyegere

Nyegere mpenda hela alikuwa na kundi mtandaoni la wanyama wapenda magari. Siku moja akatangaza, "Mambo ya bure basi! Asiyelipa kiingilio, namtoa."

Fuko, aliyezoea kuwajibu wenzake maswali, aliguna. "Gari langu zima, ndugu yangu. Nilipie nini?" Akatoka, na wenye magari mazima wakamfuata. Wenye magari mabovu wakalipa, maana walihitaji msaada.

Nyegere akachekelea, mpaka gari lake mwenyewe lilipomzimikia njiani, linafuka mvuke. Akaandika kundini, "Jamani, gari linachemsha. Nifanyeje?"

"Hata langu!" akajibu Kanga.

"Ukijua na sisi utuambie," akaongeza Kobe.

Kundi zima lilikuwa likimngoja mwenye kujua.

Kwa aibu, Nyegere akampigia Fuko. "Nasikia mmefungua kundi lenu. Kiingilio kiasi gani?"

"Tuma picha ya rejeta," akasema Fuko.

Kumbe mpira wa maji ulikuwa umechanika. Fuko akamwelekeza namna ya kuufunga, na Nyegere akafika kwake salama. Kabla hata hajavua viatu, akamwandikia Kanga: "Tuma picha ya rejeta."