Nitachoka Likifungwa

Wewe uliona. Usijitetee. Ulipita juu ya lile daraja la vyuma la barabara ya zamani, ukasikia linavyolia, ukatupa jicho kwa maji ya bwawa kule chini, kisha ukapandisha kioo cha gari.

Okwakol hakupandisha kioo. Alikuwa fundi wa kuchomelea, na miaka nenda miaka rudi alisimama barazani akiwapigia wakubwa kelele: "Nati zimelegea! Lifungeni hilo daraja, nati kwa nati, kabla halijatumeza!" Wakubwa wakacheka. Madereva wa Malaba wakambandika jina, Mzee Nati. Mwishowe alipanda mwenyewe na spana yake, akateleza. Sasa alikuwa kitandani kwake Amukura, mguu kwenye plasta, simu kifuani.

Binti yake, Brendah, aliendesha lori la nyanya kutoka Malaba kwenda Busia. Alikuwa amemwahidi: hakanyagi daraja hilo mpaka baba mwenyewe aseme. Kila safari alizunguka njia ndefu ya matope, nyanya zikafika uji.

Asubuhi hiyo mvua ikaila hata njia ya matope. Brendah akapiga simu kutoka mwanzo wa daraja, injini ikinguruma.

"Baba, nipite ama nirudi?"

"Ngoja, mama. Wacha niulize."

Akampigia karani wa barabara, yule wa Busia.

"Mzee Nati! Kwani wewe huchoki?"

"Nitachoka likifungwa."

"Basi choka, mzee. Limefungwa leo asubuhi. Vijana wetu wametoka huko sasa hivi. Utuache tupumue."

Okwakol akajifunika uso kwa blanketi, akalia kama mtoto. Miaka yote hiyo! Kisha akampigia bintiye.

"Wamefunga, mama! Wamefunga! Pita. Na ukifika katikati piga honi, nisikie."

"Ama kweli, Mzee Nati umeshinda serikali," Brendah akacheka, akaingiza gia.

Okwakol akabana simu sikioni. Honi ikalia, ndefu, ya maringo.

Kisha vyuma, kisha maji.

Ng'ambo ya bwawa, upande wa Busia, rangi ilikuwa bado mbichi kwenye ubao mmoja uliosimikwa asubuhi: DARAJA LIMEFUNGWA. USIPITE.

Upande wa Malaba hakuna ubao, na malori yanakuja. Shusha kioo. Shuka. Wazuie!