Wali Hauchoki

Mapovu yetu yalikuwa yanashuka.

Pumzi ya mzamiaji hupanda juu, hata mtoto wa kisiwani kwetu Pantar anajua. Yetu ilipita magoti ikapotelea gizani, na mkondo ukaanza kutuvuta tuifuate.

Desturi yetu ni kiongozi wa wazamiaji kuruka kwanza, peke yake, aupime mkondo kwa mwili wake kabla mgeni hajalowa. Lakini hii ilikuwa safari ya tatu tangu asubuhi, na mgongo wangu ulishakataa. Kwa hiyo, kabla hatujazama, nilichota konzi ya wali uliobaki mchana, nikaumwaga ubavuni mwa boti. Haukwenda kushoto wala kulia. Ulishuka wima, tena upesi kidogo.

"Maji yamesimama," nikasema.

Nahodha Mastang akacheka. "Dada, siku hizi wali ndio unaoruka?"

"Wali hauchoki, kaka."

"Haya. Ukikwama huko chini, uuite uje ukutoe."

Sasa nilikuwa nimeng'ang'ania jiwe. Mkono wa pili ulishika mkanda wa mtungi wa hewa wa mgeni wangu, mama wa makamo aliyekuja kuona kasa. Bado alikuwa anayashangaa mapovu. Kiganja changu cha kwenye jiwe kilikuwa kimechanika, na damu, ambayo kule chini huwa ya kijani, nayo ilikuwa inashuka.

Hatimaye akanitazama usoni. Akaunganisha kidole gumba na cha shahada, akaniuliza: salama?

Mkono mmoja ulikuwa wa jiwe, mwingine wake. Sikuwa na wa kumjibu.