Kinywa cha Tavon

"Tema! Nimesema tema!"

Renita alimshika mwanawe taya, akamwingiza kidole mdomoni na kupekua nyuma ya vile vimeno viwili vya mbele. Kikatoka kipande cha mpira wa mguu wa kiti. Akakitumbukiza kwenye chupa iliyokuwa juu ya friji, akaandika tarehe. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa na Bi Pruitt, muuguzi wa kliniki ya watoto: chochote kitakachotoka kinywani mwa Tavon kiwekwe, kitapelekwa maabara.

Chupa ilikaribia kujaa. Mtoto wa miezi tisa, jamani, kitu gani hakutafuna? Rimoti, kamba za viatu, hata kona ya kitabu cha nyimbo za kanisani.

Balaa lilianzia kwenye nyumba ya zamani waliyokuwa wamepanga mjini Baltimore. Damu ya Tavon ilipopimwa ilikutwa na madini ya risasi, ile sumu ya rangi za kale zinazobanduka madirishani. Tisa, wakamwambia, na haitakiwi kuwa hata moja. Ni sumu inayokwenda kwenye ubongo wa mtoto, na ikishaharibu ndiyo imeharibu. Renita alilia siku nzima. Kesho yake akaona alama za meno mawili madogo kwenye ukingo wa dirisha la chumbani. Wiki haikuisha, akahama.

Sasa walikaa nje ya mji, kwenye fleti iliyokuwa bado inanuka mbao mbichi. Kuta mpya, mabomba mapya, madirisha ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyafungua kabla yao. Tavon akapimwa tena. Kumi na tatu. Mwezi uliofuata, kumi na sita.

"Anaipata wapi?" watu walimuuliza. "Kweli unamwangalia lakini?"

Swali hilo la pili lilimkata maini. Amwangalie vipi zaidi ya hivyo? Alipiga deki asubuhi na jioni mpaka viganja vikachubuka. Alifunga kila kona kwa selotepu. Kichwa kilimgonga tangu anaamka, viungo vikamuuma kama bibi kizee, na alikuwa na miaka thelathini na moja tu. Uchovu wa kulea, alijiambia, akaendelea kusugua.

Jumapili mama yake, Odessa, alipiga simu.

"Unajichosha bure, Renita. Huyo kakurithi wewe. Umesahau ulivyokuwa? Dirisha la chumba chenu ulilila lote, rangi na mbao zake! Tulikuwa tunakuita mchwa."

"Mama, mimi sicheki."

"Nani kacheka? Nakwambia nilichokiona. Nilikuchapa, nikakupaka pilipili vidoleni, wapi! Unaniambia, 'Tamu, Mama.' Na dada yako naye kwenye wanga wa kunyooshea nguo. Mbona mmekua? Si umesoma chuo, si una kazi yako?"

"Watu wa ustawi wa jamii wanaweza kuninyang'anya mtoto, Mama. Watasema simtunzi."

Odessa akasema kwa sauti ndogo, "Hawathubutu," lakini wote wawili walijua kwamba wanathubutu.

Tavon alikuwa amekwisha kugundua selotepu ya kwenye mlango na kuanza kuibandua. Renita akamnyang'anya, mtoto akaangua kilio, akajitupa nyuma. Uji hakuutaka. Viazi vya kupondwa alivipuliza vikaruka ukutani. Basi Renita akaketi na kumpa titi, mtoto akatulia papo hapo. Siku hizi alimnyonyesha mara nyingi kuliko alipokuwa mchanga. Huo ndio muda pekee ambao moyo wake ulipumua, maana angalau hapo alijua kinachoingia tumboni mwa mwanawe.

Alhamisi Bi Pruitt alibisha hodi. Alikuja mwenyewe, na mkononi alikuwa na bahasha. Renita akakaa kwenye kochi na Tavon mapajani, na mtoto, kama kawaida yake akiona mgeni, akaanza kulilia titi. Akampa.

"Maji yenu ni safi," Bi Pruitt alisema, bila hata kuvua koti. "Vumbi la sakafuni ni safi. Na vile vya kwenye chupa, mpenzi, tumepima kimoja kimoja. Vyote safi."

"Na damu yake?"

"Kumi na tisa."

Renita akaanza kulia. "Sijui nifanye nini tena, Bi Pruitt. Haki ya Mungu sijui. Nichukueni mimi mkanifunge, lakini msimchukue. Sijamwacha hata dakika moja. Kila kitu kinachopita mdomoni mwake nakiona!"

"Hakuna anayemchukua. Nisikilize. Ulipolalamika kichwa mwezi huu, nilikutoa na wewe damu, unakumbuka?"

Renita aliitika kwa kichwa. Alikuwa amekwisha kusahau.

"Wewe una hamsini na moja." Bi Pruitt akachuchumaa mbele yake, akamshika goti. "Si ya juzi hii, mwanangu. Sumu ya rangi za kale ukiila utotoni hujificha kwenye mifupa, inaweza kukaa humo miaka na miaka. Halafu mama akianza kunyonyesha, mifupa inaanza kuiachia."

Renita akainamisha macho. Tavon alikuwa amelishika titi kwa mikono yote miwili, amefumba macho kwa raha, anameza.