Soksi Moja, Vibanio Vinne

Soksi moja ilibanwa kwa vibanio vinne, na shuka zima likaning'inia kwa kimoja.

"Mwanao huyo!" Fundi cherehani aliegemea dirisha la shoga yake akicheka. "Anaanika nguo kama anafukuzwa na nyuki."

Mama alitazama ng'ambo ya barabara, uani kwa mkwewe. "Nimemfunza mwenyewe."

"Na mumewe alivyo nadhifu! Hajakurudishia tu?"

Huyo mume alikuwa mtunza stoo. Hata nyumbani vikombe vyake vilitazama upande mmoja, viatu vikapangwa kwa ukubwa. Kitu kikihama mahali pake, mke alikiona cha moto. Mwaka juzi alivunjwa mkono kwa sababu ya kijiko. Mama alimleta nyumbani. Wazee wakamrudisha, eti ndoa ni kuvumiliana. Tangu hapo mkwe alimnyang'anya mkewe simu, na mama akapigwa marufuku kukanyaga pale.

Kila asubuhi mume akishatoka, binti alianika. Kabla hajarudi, alikuwa ameshaanua.

"Mie nyumba iliyopangika mno inanitisha," mama alisema. "Wapi pamepangika kama makaburini?"

Fundi alicheka mpaka akapaliwa na mate.

Jumanne mama alifungua dirisha akiwa bado na mswaki mdomoni. Ng'ambo, mashati yalifuatana kutoka kubwa hadi dogo. Vibanio vyekundu huku, vya kijani kule. Mashuka mawili yalinyooshwa, hayana hata kunyanzi. Mwishoni kabisa lilikuwa gauni alilovaa binti jana, likichuruzika maji.

"Haya, pigeni vigelegele!" Fundi alipaza sauti toka mlangoni kwake. "Leo mtoto kapata akili!"

Mama alikuwa ameshafika kona, miguu peku, mswaki bado mkononi.

Kituoni askari alimsikiliza, kisha akaweka kalamu chini. Mwenzake aligeukia ukuta kuficha kicheko.

"Mama yangu, ngoja nikuelewe. Umekuja kushtaki nguo zilizoanikwa vizuri?"

"Tulipatana, mwanangu," mama alisema. "Kila siku atakayoamka mzima, aivuruge kamba."