Uso Katika Matawi

Kwa miaka thelathini Bi Mwanahawa alibishana na mumewe, Mbwana, juu ya picha ya kuchapwa waliyoitundika sebuleni. Yeye aliona uso wa mwanamke uliofichwa katika matawi. Mbwana aliona miti mitupu. Sasa maradhi ya kusahau yalikuwa yamemwingia Mbwana, hata mkewe hamjui tena.

Asubuhi moja, akilishwa uji, aliinua macho ukutani.

"Kuna mwanamke mle mitini," alisema.

Bi Mwanahawa akaweka kijiko chini. "Unamjua?"

"Ni mke wangu. Ukipita huko, dada, mwambie namngoja."

"Nitamwambia," akajibu.

Akamfuta mdomo kwa upindo wa kanga. Mbwana akasogeza kichwa pembeni taratibu, kwani bega la mama huyu lilikuwa limeiziba picha.