Jibu la Kusomea Nyumbani

"Mtu asiguse kitu!" mkutubi alifoka, akiikinga kibodi kwa mikono miwili.

Ofisi nzima ilitumia kompyuta moja kuu ya Unix, na barua pepe za wote zilitua humo. Mkutubi hakuthubutu kuzisomea pale, maana wenzake walipenda kuchungulia na midomo yao haikuwa na breki. Alizinakili kwenye disketi akazisomee nyumbani, kusikokuwa na mtandao.

Leo roho yake ilikuwa juu. Ndani ya sanduku lake la barua pepe mlikuwa na jibu la mkewe.

Mwezi mzima walikuwa hawasemezani. Mke alianguka mbele ya mawifi zake, na huyu bwana, badala ya kumwinua, akacheka hadi akajishika mbavu. Mke akaapa hatamfungulia kinywa tena. Mkutubi akaomba msamaha kwa barua pepe, barua juu ya barua. Kimya, hadi leo.

"Kwanza funga sanduku," alisema fundi wa mitambo, dada mwenye subira ya ajabu. "Barua mpya isije ikaingia katikati, zote zikavurugika. Halafu nakili, ulinganishe. Ukiona zimelingana, ndipo ufute."

"Nikifuta kabla?"

"Muulize mhasibu. Alirudi kwake na disketi tupu. Haraka haraka haina baraka, kaka."

Mkutubi akanakili. Akalinganisha, akalinganisha tena, jasho likimtiririka. Jibu lile likipotea, na ndoa imekwenda nalo.

"Si umpigie wifi simu tu?" fundi akauliza.

"Hapokei. Amenuna."

"Basi mfuate aliko, umwangukie miguuni."

Mkutubi akashusha pumzi. "Kumfikia mwanamke yule si mchezo, dada yangu."

Fundi alimhurumia kweli. Mapenzi ya mbali humkondesha mtu.

Hatimaye mkutubi akafuta, akalifungua sanduku, akaitia disketi kwenye mfuko wa shati. Njia nzima alitembea ameishika, watu wakadhani anaumwa kifua.

Nyumbani hakuvua hata viatu. Aliisogeza sahani kando, akaiwasha kompyuta yake kuukuu pale mezani, akasoma:

"Nakuandikia kutoka kazini. Nimekusamehe. Kimya hiki kimenichosha mimi pia. Niambie neno moja tu, nami nitazungumza nawe maisha yetu yote. Mkeo."

Machozi yakamlenga. Furaha ilimjaa. Akaandika neno hilo moja: "Nakupenda." Akalihifadhi kwenye disketi kwa uangalifu mkubwa, alitume Jumatatu ofisi itakapofunguliwa.

Kisha akanyoosha kidole, na mkewe, aliyekuwa akila upande wa pili wa meza, akamsogezea chumvi.