Picha ya Maganga, Ukurasa wa Saba

Pa! Kitabu kikatua kwenye vumbi la darasa.

"Takataka!" Paskalia akafoka. "Mwanangu hafundishwi na takataka!"

Wazee watano wa kamati wakatazamana midomo wazi. Mwaka 1953, hapa Ushirombo, mwanamke anarusha kitabu cha shule mbele ya wanaume? Tena kitabu chenye picha ya Maganga! Maganga huyu huyu, tajiri wa ng'ombe, anayepeleka nyama mpaka mgodini Geita!

Siku hiyo walikuwa wanachagua. Sanduku lilitoka Mwanza na vitabu vitatu vya picha, na kamati ilitakiwa ichague kimoja tu cha darasa la watoto wadogo. Mwalimu Athanas alishawaeleza tangu asubuhi.

"Kitabu kizuri cha mtoto mdogo hakina maneno mengi. Picha iwe kubwa, iwe safi, ya kitu anachokijua. Mpe mtoto, kaa kimya. Akiongea mwenyewe, hicho kinafaa. Asipoongea, rudisheni sandukuni."

Wakamjaribu Sikujua, binti wa Paskalia, wa miaka mitano. Cha kwanza kilikuwa na watoto wa Ulaya wanateleza kwenye barafu. Sikujua akapiga mwayo, akapitisha mkono dirishani akaanza kuchezea sikio la mtamba wao aliyefungwa hapo nje, sikio la kushoto, lililopasuliwa kama mkia wa mbayuwayu. Cha pili kilikuwa na kuku na vifaranga, rangi tupu. Sikujua akacheka, akawika kama jogoo.

"Hicho hicho!" Paskalia akasema.

"Ngoja kwanza, mayu, mama yangu," Maganga akasema, akachomoa cha tatu. Picha za kamera, nyeusi na nyeupe. Akafungua ukurasa wa saba, akapita nao mbele ya wazee, dole gumba limekaa pale pale kwenye kofia yake. "Mnaiona pama hiyo? Bwana mifugo mwenyewe alinipiga picha. Watoto wajifunze kwa mtu, siyo kwa kuku!"

Paskalia hakungoja zamu yake. Alimpokonya, akakirusha.

"Okota, Mama Sikujua," Maganga akasema taratibu. "Au bado una hasira za barazani?"

Hakuna asiyejua habari ile. Ng'ombe kumi na wawili wa marehemu mume wa Paskalia walitoweka usiku mmoja, masika ya mwaka 1951. Mwaka uliofuata akamshtaki Maganga barazani. Wazee hawa hawa watano wakaenda kukagua zizi, wakakuta ng'ombe wote wa Maganga sikio la kushoto limekatwa mpaka shinani.

"Kupe," Maganga aliwaambia. "Masikio yalianza kuoza juzi juzi, nikakata."

Kesi ikafia hapo. Siku ukileta alama yenu ya sikio, rudi, wazee walimwambia Paskalia. Tangu siku hiyo mtamba wake mmoja aliyebaki hamwachi nyumbani. Kisimani anaye, kanisani anaye.

"Mbona hata mtamba umemleta?" Maganga akaendelea. "Mwalimu, mwandikishe naye!"

Wazee wakaangua kicheko.

Paskalia akainama. Kitabu kilikuwa kimefunguka ukurasa wa saba. Akakifuta vumbi kwa kanga. Akakiangalia. Hakuinua macho mpaka kicheko cha wazee kikaisha chenyewe.

"Ni wewe kweli huyu?"

"Nani mwingine ana kofia kama hiyo?"

"Na hawa ng'ombe nyuma yako? Uliazima upate kupigwa picha?"

Maganga akaruka kama amekanyaga kaa la moto. "Niazime? Mimi? Wangu! Wote hao wangu! Mwalimu, andika kwenye daftari la kamati, huyu asije akanichafua tena!"

Athanas akaandika.

"Ni ya lini, mbona kofia bado mpya?"

Athanas akasogeza macho karibu na maandishi ya chini. "Juni 1951."

"Haya," Paskalia akasema. "Nimekubali. Hiki ndicho."

Wazee wakashangaa. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Amechoka kupigana huyu."

"Lakini kimoja hakitoshi," Paskalia akaongeza. "Kila mtoto apewe chake, akakionyeshe kwao."

"Watoto arobaini, vitabu arobaini!" Maganga akapiga meza. "Nanunua mimi! Arobaini! Leo umepata akili, Mama Sikujua."

"Umesema arobaini. Wazee mmesikia."

"Tumesikia," wakajibu.

"Basi tumalize jambo la mwalimu. Si alisema mtoto aongee mwenyewe?" Akamwita binti yake, akamwekea kitabu mapajani. Wazee wakasogeza benchi lao karibu. Maganga akaiweka kofia yake sawa kichwani, ifanane na ya kwenye picha.

Sikujua hakuiangalia kofia. Aliweka kidole kwa ng'ombe wa kwanza, akaenda kwa wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho. Halafu akageuka, akamwangalia mtamba dirishani.

"Mama, mbona masikio yao yamepasuliwa kama la mtamba wetu?"